Yangu Macho

Miaka kumi na tisa lile Morisi lilikuwa banda la kuku.
Walitagia kiti cha nyuma,
na jogoo alilala juu ya usukani kama dereva wa serikali.
Nilipowahamisha, Bi Chumu alichungulia uani:
"Mwalimu, pensheni yote hiyo, utakula kutu?"

Kutu ya Tanga haina haraka.
Hewa ya chumvi huingia bila hodi,
hukaa chini ya zulia, nyuma ya madigadi,
ikila kidogokidogo kama mgeni mwenye haya,
mpaka siku unapobonyeza kwa kidole
na kidole kikatokea upande wa pili.

Nikaanza na msasa.
Rangi ya juu nyeupe, ya mjomba, imepakwa kwa brashi ya ukuta.
Chini yake kijani, ya harusi ya dada.
Chini ya kijani puti, nene kama mkate wa ufuta,
pale mama alipogonga mlingoti wa taa Chumbageni
akakataa katakata: mlingoti ndio uliomfuata.
Chini kabisa, kijivu cha kiwandani,
baridi, kimetulia.
Hapo nikasimama, nikanywa maji.

Kupaza alikuja na mtungi wa gesi kutoka Majani Mapana.
Tukang'oa sakafu iliyooza, tukachukua kipimo kwa katoni ya sabuni,
tukakata nyingine kwenye bati la pipa.
Alichomea tone, akangoja, akachomea tone.
"Bati ni kama mtoto," alisema, kisha akaghairi:
"Hapana. Mtoto hunyooka. Hili likikunjamana limekunjamana."

Umeme niliuachia usiku, joto likipungua.
Nimefundisha umeme miaka thelathini, Fomu Tatu,
betri, balbu, mshale mwekundu ubaoni,
na bado gari hili lilinizaba kofi:
chanya yake imefungwa kwenye bodi.
Chanya ndiyo ardhi. Hasi ndiyo inayotembea.
Niliunguza fyuzi tatu kabla sijakubali kuwa mwanafunzi.

Nyaya zenyewe zimevikwa kitambaa, panya wamezionja.
Nikafuata mmoja toka swichi mpaka taa ya kulia,
na nyuma ya kioo, mahali ulipokatika,
palikuwa na fundo.
Si tepu. Ukanda wa kanga,
umezungushwa mara saba, umekazwa kwa meno.
Nikaufungua taratibu. Pindo jeusi,
nusu ya korosho,
na maneno yaliyosalia: YANGU MACHO.

Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakaamka.
Mama, mkunga wa Bombo, usiku gani huo,
mvua gani, njia gani ya Pongwe,
taa moja imezima
na mtu ambaye hajazaliwa anakusubiri?
Ulichana uliyovaa?
Hukusema. Ulirudi asubuhi ukakaanga mihogo,
nami nililalamika kwamba haina chumvi.

Waya nimeweka mpya, tepu nimeweka.
Juu ya tepu nimeurudisha ukanda.
Hauna kazi. Kupaza aliutazama, akanitazama,
akaendelea kupiga msasa mlango.

Jana, saa tano usiku, betri ikakubali.
Taa ya kulia haijawaka, sijui kwa nini.
Honi bubu. Injini iko kwenye ndoo tatu.
Lakini nilipozungusha swichi kushoto
nguzo ya mlango ikakohoa,
na kile kimkono cha rangi ya chungwa,
ambacho kuku walikidonoa miaka yote,
kikainuka, kikatetemeka, kikawaka,
kikionyesha ukuta wa choo.
Nikakaa, miguu juu ya sakafu ya Kupaza,
mikono usukanini,
nikingoja nafasi ya kukata kona.